Mnazi Haunyolewi

Nilipokuwa mtoto, nyumba yetu haikukosa kitu ila ndege. Tulikuwa na mbuzi, kuku, paka mwizi, mpapai uliozaa mpaka ukainama, na minazi mitatu uani ambayo baba yangu aliipenda kuliko hao mbuzi. Lakini mnana hata mmoja hatukuwa naye, na kijijini kwetu jambo hilo halikuwa dogo.

Mnana, kwa asiyemjua, ni ndege mdogo wa manjano anayefuma kiota chake kwa nyuzi za majani na kukining'iniza kwenye ncha ya kuti la mnazi, mlango ukiangalia chini. Hajengi peke yake. Wakija huja ukoo mzima, na kuanzia alfajiri ni kelele kama za soko la Kona ya Musa. Ukiifuata njia yetu, ile inayotoka Msambweni kuelekea vilima vya Shimba, kila mji, yaani kila boma, ulikuwa na mnazi wake uliojaa vifuko hivyo. Ukifika kwetu, kimya. Ulisikia mbuzi akitafuna.

Aliyetufunulia maana ya kimya hicho alikuwa Bibi Mejumaa, jirani yetu, mjane wa Kidigo aliyekuwa na sauti ya kuita watu mashamba mawili mbali. Nilikuwa nikishinda kwake kwa sababu mjukuu wake, Mwanaisha, tulisoma darasa moja. Siku hiyo alikuwa ameikalia mbuzi yake akikuna nazi, nasi tukiiba machicha, akatutazama akasema:

"Mnana hajengi mahame. Yeye ataka sauti za watu, moshi wa jiko na watoto wa kugombezwa. Nendeni mkatazame minazi iliyoachwa na wenyewe huko msituni, hamtaona kiota. Na mnana akijenga kwa mgeni, basi mgeni huyo ardhi imemkubali."

"Na asipojenga?" nikamuuliza.

Bibi Mejumaa aliendelea kukuna nazi. Mwanaisha, ambaye hakujaaliwa adabu ya kunyamaza, akanijibu yeye: "Asipojenga mtahama, Mwende. Hata ndege wajua."

Nilimrushia machicha usoni na tukacheka, lakini mimi nilikwenda nyumbani na neno lile tumboni. Maana ni kweli tulikuwa tukitaka kuhama.

Sisi ni Wakamba. Baba yangu alitoka Kitui akiwa kijana kuja kukata miwa Ramisi, na kazi ya miwa ilipokwisha akapata kipande cha ardhi kwenye skimu ya makazi, akaenda kumchukua Mama. Mimi nilizaliwa pale pale. Kitui nilikuwa nimekwenda kwa likizo tu, na Kikamba changu kilikuwa cha kuchekesha wajomba. Lakini mwaka uliotangulia kulikuwa na vurugu huku kwetu pwani. Watu wa bara waliambiwa warudi kwao, na wengi walirudi. Sisi, Bibi Mejumaa alitufuata mwenyewe nyumbani, akamvisha Mama buibui lake, akatuweka chumbani kwake mpaka mambo yakatulia. Hakuna aliyetugusa. Ila Baba hakutulia tena. Alipanga nguo zetu katika sanduku la bati akaliweka nyuma ya mlango, na kila Jumapili ilibidi nguo za kanisani zitolewe humo, na jioni zirudishwe.

Krismasi ilipofika, kaka yake Baba, tuliyemwita Baba Mkubwa, alikuja kututembelea, akasema huko Kitui kuna shamba linaloungana na lake, na mwenye shamba hilo anahama, analiuza. Walizungumza wakakubaliana. Tukishavuna mahindi ya masika, Baba Mkubwa angerudi, wangeng'oa mabati ya nyumba yetu, tungepakia lori na kwenda zetu. Mama hakutaka. Hakusema kwamba hataki. Aliosha vyombo kwa kelele. Nami nilikuwa nikilala nikiwaza nani atakaa na Mwanaisha kwenye dawati letu.

Basi kwangu mimi hesabu ilikuwa rahisi. Minana wakija, hatuhami.

Nilianza kwa kuwatupia mchele chini ya minazi, kuku wakaula wote. Nikaenda kwa Mungu. Kanisani mchungaji aliposema kila mtu alete haja yake kimoyomoyo, wenzangu nadhani waliomba afya na karo, mimi niliomba ndege. Mwishowe Mwanaisha ndiye aliyeleta akili. Kulikuwa na kiota kikuukuu kilichoanguka kwao, kizima bado. Tukakibeba, nikapanda juu ya pipa la maji, yeye akanishika miguu, nikakifunga kwa uzi wa katani kwenye kuti la chini kabisa nililoweza kulifikia. Tukajificha nyuma ya choo tukingoja wenye nyumba waje.

Alikuja mmoja. Nakuapia alikuja! Akatua juu ya kuti, akachungulia ndani, akatugeuzia mkia akaenda zake. Aliyekuja baada yake alikuwa Mama.

"Hii soksi ni ya nani?" akauliza, macho kwenye kiota chetu.

Jioni Baba alipoelezwa alikunja uso. Alikuwa mzee wa kanisa, na mambo ya mti na ndege hakuyapenda. "Hiyo ni ushirikina," akasema. "Mungu ndio anaweka mtu mahali. Ndege ni ndege." Akakifungua kile kiota akakishusha. Lakini hakukitupa. Nilimwona akikigeuza huku na huku, akitia kidole mlangoni, akiuvutavuta ule ufumaji, kisha akakitundika kwenye msumari juu ya meza, karibu na kalenda. 

Sasa nieleze habari ya Baba na minazi yake. Alikotoka yeye, mti unapogolewa. Mkulima safi hujulikana kwa miti safi, na Baba alikuwa mkulima safi. Kila mwaka, kabla ya mvua za masika, aliegemeza ngazi akapanda na panga, akafyeka makuti yote yaliyolala, makavu kwa mabichi, akabakiza machache tu yaliyosimama wima kileleni. Kisha akashuka akaipaka minazi chokaa miguuni, kama alivyoona kwenye miti ya ofisi ya chifu. Wapita njia walisimama kuitazama. Tulidhani wanatuonea wivu.

Mwaka huo alikuwa amekwisha kuinyoa miwili na yuko katikati ya ngazi kwenye wa tatu, ule ulioinamia paa la nyumba, Bibi Mejumaa alipotokea na kikapu chake cha mihogo.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, Mama. Shikamoo," Baba akaitikia kutoka juu.

"Marahaba, mwanangu. Waifanyani miti?"

"Naisafisha. Hii miti ilikuwa imeanza kuwa chafu."

Bibi Mejumaa aliweka kikapu chini. Alicheka mpaka leso ikamdondoka mabegani, akajifuta machozi, akaanza tena. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi kuona kuna nini.

"Baba Mwende, mnazi haunyolewi!" akasema alipopata pumzi. "Huyu si mtoto wa arubaini. Ukimkata makuti mabichi wamnyima chakula. Na huyo mnana ataka aning'inie wapi, kwenye chokaa?"

Halafu akatueleza, kwa upole sasa, kama anayemwonyesha mtoto njia ya kisimani. Mnana hufunga kiota kwenye ncha ya kuti lililolala, lile la chini, kwa sababu huko nyoka haendi, akienda huteleza. Makuti yaliyosimama wima hayamfai. "Kila mwaka wao waja, waona hawana pa kushika, wenda zao. Ardhi haijakukataa, mwanangu. Ni wewe na panga lako."

"Miaka yote hii," Mama akasema, "mbona hukutuambia?"

"Nilidhani ndiyo dini yenu."

Mama naye akaketi chini, mwiko na yote, akacheka. Nami nikacheka. Baba peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama ngazini, panga limening'inia mkononi, akiutazama ule mnazi wa tatu uliobaki na nywele zake. Akashuka taratibu. "Hii panga imekuwa butu," akasema, akaingia nalo ndani. Lilibaki butu msimu mzima kwa minazi, ingawa kwa kuni lilikata vizuri tu.

Mvua zikaanza. Asubuhi moja niliamka nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia nikiwa kitandani mwangu: mlio wa mnana, ule wa kukwaruza kama mtu anayefungua mlango wenye kutu. Nilitoka mbio bila viatu. Kwenye ncha ya kuti lililoinamia paa kulikuwa na ndege mmoja wa manjano, kichwa chini miguu juu, mdomoni ameshika uzi wa jani. Nilipiga kelele nikanyoosha kidole.

"Usinyooshe!" Bibi Mejumaa alinipazia sauti kutoka kwake, sijui hata alinionaje. "Ukimnyooshea kidole mayai yataoza! Kunja ngumi!"

Ndivyo ilivyo kwetu. Boga changa halinyooshewi kidole, litadumaa. Na kiota ni vivyo hivyo. Ukitaka kumwonyesha mwenzako, unakunja vidole vyote unaonyesha kwa ngumi. Mwanaisha na mimi tulishinda tukionyeshana ngumi kama mabondia. Baba aliposikia akatikisa kichwa. Kidole kitaozesha vipi yai lililo juu ya mti? Ushirikina mtupu, akasema.

Lakini ushirikina huo haukumzuia kutoa kiti chake nje. Siku za mwanzo alisema anakagua mahindi, ila kiti alikigeuzia mnazi. Yule dume wa kwanza akampa jina la Fundi. Fundi alichana jani, akaruka nalo, akatia fundo, akasuka pete, na kutoka pete akajenga chumba, yote kwa mdomo. Wenzake wakaja, wakafunga vyao kando yake. Kiota chake kilipokwisha alijitundika chini yake, akapigapiga mabawa na kuimba ili jike aje akione. Jike akaja. Akaingia, akavuta uzi hapa, akavuta pale, akatoka akaruka. Fundi alikaa kidogo, kisha akakikata kiota chote kikaanguka chini, akaanza upya.

"Huyu mama ana maringo!" Baba akaruka kitini. "Nyumba ilikuwa mbaya wapi?"

"Afadhali yeye amekagua," Mama akamjibu kutoka jikoni. "Mimi ulinileta kwa lori usiku, nikaona nyumba asubuhi."

Sijawahi kuwaona wazazi wangu wakichekeana kama msimu ule. Mama alimshabikia jike, Baba alimshabikia Fundi, na chai ya jioni ikahamia uani. Fundi alijenga, jike akakataa, akajenga tena. Siku jike alipoingia asitoke, na badala ya kutoka akaonekana akileta manyoya laini ya kuku wetu kutandika ndani, Baba alipiga makofi peke yake, kisha akatazama huku na huku kama kuna mtu wa kanisani amemwona. Nilifurahi nikalia. Sanduku la bati, hata hivyo, lilikuwa bado nyuma ya mlango, na mahindi yalikuwa yanaanza kukauka shambani.

Tulivuna. Baba Mkubwa alifika kama walivyopatana, akiwa na nyundo, msumeno na kamba ndefu ya kufungia mabati. Alinisalimia kwa Kikamba, nikamjibu kwa Kiswahili, "Shikamoo, Baba Mkubwa, za safari?" Akamgeukia Baba. "Huyu mtoto anaongea kama watu ya hapa. Mmechelewa kurudi."

Asubuhi yake waliegemeza ngazi ukutani. Mama hakuosha vyombo siku hiyo. Alisimama mlangoni mikono kifuani. Mimi nilikuwa chini ya mnazi, macho juu, kwa sababu nilijua kitu ambacho Baba Mkubwa hakukijua: huko juu makinda walikuwa wametotolewa. Kila jike alipotua ulisikia vijisauti vyao vyembamba. Na lile kuti lenye viota lilikuwa limelalia bati la pembeni, lile lile la kuanza kung'olewa.

"Leta panga," Baba Mkubwa akasema akiwa juu. "Tukate hii tawi kwanza."

"Usikate," Baba akasema.

"Kwani?"

"Kuna watoto hapo."

"Watoto ya nani?"

Baba alisogea mpaka chini ya ngazi. Akainua mkono wake kuonyesha, na hapo nikaona. Alikunja kidole cha shahada. Akakunja na vingine vyote. Mzee wa kanisa, adui wa ushirikina, alimwonyesha kaka yake viota vya minana kwa ngumi, kimoja kimoja, polepole, akijihadhari asikosee. "Hapa, na hapa, na pale kwa Fundi. Huyo mama ameingia sasa hivi na panzi."

Nilimtazama Mama, Mama akanitazama. Alikuwa ameuma midomo ili asicheke, na machozi yalikuwa yakimtoka.

"Sasa tufanye nini?" Baba Mkubwa akauliza.

"Tungoje waruke. Wakisharuka, tutang'oa."

Baba Mkubwa alilalamika, lakini alingoja. Siku ya kwanza aliwapa ndege mgongo. Siku zilizofuata kiti chake kilizidi kusogea, mpaka nikamkuta akibishana na Baba ni kinda yupi atakayeruka wa kwanza. Wakaruka kweli, mmoja mmoja, wakitua juu ya paa letu kwa kishindo kisichokuwa na adabu. Na asubuhi ile ile wa mwisho aliporuka, Fundi alionekana kwenye ncha ya kuti la pili, uzi wa kijani mdomoni, akifunga fundo la nyumba mpya.

"Tungoje hawa nao," Baba akasema, bila kumtazama kaka yake.

 Baba Mkubwa akaitia nyundo katika mfuko wake. "Hawa ndege wamekuoa," akamwambia. Akaondoka na gunia la nazi zetu begani, na kwa haki alikuwa akicheka. Jioni hiyo Mama alilifungua sanduku la bati, akazitundika nguo zetu ukutani, akatandika majani makavu ndani yake na kumlaza kuku aliyekuwa akiatamia. Baba alipita, akaona, akapiga mluzi kwenda kwa mbuzi.

Siku hizi mimi ni mwalimu kule Samburu, ile ya huku huku pwani, kando ya barabara kuu. Watoto huniuliza kwa nini minana hupenda miji ya watu, nami nawafundisha kama vitabu vinavyofundisha, kwamba penye watu mwewe na nyoka huogopa kusogea, na makombo hayakosi. Nawafundisha hivyo na naamini hivyo. Lakini bado sinyooshei kiota kidole.

Nimefikiri sana juu ya neno la Bibi Mejumaa, Mungu amrehemu, kwamba ardhi humkubali mgeni. Nadhani ardhi haina habari na mtu. Anayekukubali ni jirani, naye alikuwa ametukubali tangu siku alipomvisha Mama buibui lake. Ila Baba hakuweza kuusimamia upendo huo mbele ya kaka yake mkubwa na kusema, "Hapa ndipo kwangu, sitaki kuondoka." Mwanamume wa Kitui hasemi hivyo kwa wakubwa zake. Alihitaji mtu wa kumsemea, na minana, Mungu awabariki na kelele zao, wakamsemea. Nafikiri Bibi alilijua hilo alipoileta mihogo yake siku ile, maana mihogo hatukuwa tumemwomba.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwasalimu wazazi wangu. Minazi sasa ni mingi uani, makuti yamelala mpaka chini, machafu kabisa. Ndege wamechana ncha zake zikabaki njiti, nazi zimepungua, na Baba hunung'unika kila siku lakini panga halinoi. Nilimkuta kwenye kiti chake, macho juu. Nikamtania, kama ninavyomtania kila mara, "Baba, lori lije lini? Si wamekwisha kuruka hawa?"

Hakugeuka. Aliinua mkono wake uliokunjamana, akakunja vidole kimoja kimoja, akanionyesha kwa ngumi ncha ya kuti lililo mbali kuliko yote.

"Ngoja kwanza," akasema. "Bado kuna mmoja."